Si Kisu, Ni Kikonyo: Virusi vya Mitufaha Vinavyosafiri Kitaluni

Chukua miche miwili ya mtufaha kutoka kitalu kimoja. Yote imenyooka, majani ni ya kijani kibichi, na pale ilipobebeshwa, yaani kipande cha mti mmoja kilipounganishwa juu ya mizizi ya mwingine, pamepona hata kovu halionekani sana. Mmoja una virusi vya aina tatu kwa mpigo. Mwingine hauna hata kimoja. Mwite mkaguzi aliyezeekea kwenye kazi hiyo, mwambie achague kwa macho tu, naye atabahatisha kama mimi na wewe.

Ugumu wa somo hili unaanzia hapo. Tumezoea mmea mgonjwa ujitangaze: ukungu huacha unga juu ya jani, bakteria huacha kidonda kinachochuruzika, wadudu huacha matundu. Virusi vya mtufaha vilivyoenea kuliko vyote haviachi alama yoyote kwenye aina nyingi zinazouzwa. Mti huvibeba miaka mingi, huzaa, huzeeka na kukatwa bila mwenye shamba kujua. Kisha jicho moja (chipukizi ambalo halijafunguka) la mti huohuo likipachikwa juu ya mizizi ya aina nyingine, mti mpya unadumaa na kufa. Kirusi ni kilekile. Kilichobadilika ni mwenzi aliyeunganishwa naye.

Kwa sababu hiyo nitazungumza zaidi juu ya kitalu kuliko shamba. Hasara huhesabiwa shambani, tena miaka kadhaa baadaye, kwa mtu ambaye hakushika kisu cha kubebesha. Kosa lenyewe lilifanyika kitaluni siku ya kuchagua mti wa kukata vikonyo, yaani vipande vya kubebesha.

Mtufaha mmoja, miti miwili

Mbegu ya tufaha haimrudishi mama yake. Panda mbegu kumi za tunda moja, utapata miti kumi yenye matunda kumi tofauti, na mengi hutayarudia mdomoni. Anayetaka Golden Delicious hana budi kuchukua kipande cha mti wa Golden Delicious na kukibebesha juu ya mche wenye mizizi. Mti wa kwanza wa aina hiyo uliota Clay County, West Virginia, Marekani, na kila Golden Delicious iliyosimama leo popote duniani ni kipande cha kipande cha kipande cha mti ule.

Kipande cha juu ndicho kikonyo. Kinaweza kuwa kijiti chenye macho mawili matatu, au jicho moja tu na kigome chake. Cha chini ni mche-shina, ambao ndio unaoamua mti utakuwa mfupi au mrefu, utastahimili udongo gani na utaanza kuzaa lini. Mche-shina nao kwa kawaida hautokani na mbegu. Mmea mama hukatwa karibu na ardhi, machipukizi yanayotoka hufukiwa kwa udongo au unga wa mbao mpaka yaote mizizi, kisha hutenganishwa moja moja. M.9, MM.106 na miche-shina mingine ya jamii hiyo huzalishwa hivyo.

Maana yake ni kwamba nusu zote mbili za mti ni miili ya zamani iliyoendelezwa, na hakuna iliyozaliwa upya. Mbegu ingekuwa kichujio, kwa kuwa virusi vingi vya mtufaha havipiti humo kirahisi. Sisi tumekiruka kichujio hicho kwa makusudi ili kulinda ladha na ukubwa wa mti, na kila kilichowahi kuingia kwenye mnyororo kimebaki ndani yake.

Piga hesabu kidogo. Mti mama wenye vichipukizi 100 vya mwaka mmoja, kila kimoja kikitoa macho 8 yanayofaa, unatoa miche 800. Kitalu kikiishiwa na vikonyo kikaamua kukata kwenye miche hiyo 800 baada ya kukua, na kila mmoja nao ukatoa 800, tunafika 640,000. Hakuna mdudu anayeweza kueneza kirusi kwa kasi hiyo. Tena kwa virusi vitatu vikuu vya mtufaha hajulikani mdudu yeyote anayevieneza: mwenezaji ni sisi.

Nigusie kisu hapo hapo, maana watu wakisikia neno virusi hukimbilia kuchovya makasi kwenye dawa. Si vibaya, na kwa bakteria ni lazima. Lakini kwa virusi hivyo vitatu, utomvu unaobaki kwenye makali una mchango mdogo mno ukilinganisha na jicho lenyewe. Kirusi kinaishi ndani ya seli. Jicho linapoungana na mche-shina, seli za pande mbili hushikana, mirija inayosafirisha sukari hufunguliana, na kirusi hupita kama msafiri kwenye daraja jipya. Kisu kikiwa safi kama cha mpasuaji na kikonyo kikiwa na virusi, umebebesha virusi kwa usafi wa hali ya juu.

Watatu wanyamavu

Kwenye ripoti ya maabara watatu hawa huandikwa kwa herufi: ACLSV, ASPV na ASGV. Wa kwanza amepewa jina la madoa ya njano kwenye majani, wa pili la vishimo kwenye shina, wa tatu la mifereji kwenye shina. Msomaji mgeni huenda shambani kutafuta madoa, vishimo na mifereji, asione kitu, akadhani maabara imekosea.

Maabara haijakosea. Majina hayo yalitokana na kinachoonekana kwenye miti ya kupimia, aina za mitufaha-mwitu na za majaribio ambazo zinaumizwa vibaya na virusi hivi. ASGV ukiupandikiza kwenye mtufaha uitwao Virginia Crab, baada ya muda ukibandua gome utaona mifereji mirefu kwenye mti, kama mtu aliyepitisha patasi. Kwenye mtufaha wa sokoni kirusi hichohicho kinaweza kukaa bila dalili hata moja.

Kukaa bila dalili hakumaanishi kukaa bila gharama. Miche yenye virusi viwili au vitatu kwa pamoja mara nyingi hukua taratibu kidogo, macho yaliyobebeshwa hushika kwa kiwango cha chini, na safu ya miche hukosa ulingano. Kiasi cha hasara hutegemea sana aina ya kikonyo, aina ya mche-shina na mchanganyiko wa virusi, kwa hiyo takwimu moja ya jumla ningeitilia shaka. Mwenye kitalu anaizoea hasara hiyo akiiita hali ya kawaida, kwa sababu hajawahi kuona safu iliyo safi ya kulinganishia.

Mfano mzuri ni M.9, mche-shina mfupi unaotumika kuliko karibu wote kwenye mashamba ya kisasa. Kituo cha East Malling huko Kent, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1913, ndicho kilichoipanga na kuipa namba miche-shina iliyokuwa ikizagaa Ulaya kwa majina yaliyogongana. Katika miaka ya 1960 East Malling kikishirikiana na kituo cha Long Ashton kilisafisha miche-shina hiyo na kuitoa upya kwa alama ya EMLA, herufi za mwanzo za vituo hivyo viwili. M.9 iliyosafishwa ikaonekana kuwa na nguvu zaidi kuliko M.9 ya zamani. Sehemu ya ule ufupi uliosifiwa kwa miaka mingi kama tabia ya mti ilikuwa ni mti unaoumwa.

Pale kiungo kinapokataa

Sasa tufike kwenye kiini. Kirusi kinapoingia kwenye seli ya mmea, mmea una njia mbili kuu za kukipokea. Ya kwanza ni kukivumilia: kirusi huzaliana, mti huendelea na shughuli zake. Ya pili ni kukikataa kwa ukali, na seli zilizoguswa hujiua ili kirusi kisisonge mbele. Kwenye jani njia hii ya pili ni ulinzi mzuri, kwani kidoa kidogo hufa na jani hubaki. Kwenye kiungo cha mti uliobebeshwa ni maafa.

Fikiria kikonyo mvumilivu kilichojaa kirusi, juu ya mche-shina mkali. Kirusi kinashuka na utomvu hadi kwenye mpaka wa miti miwili. Seli za kwanza za mche-shina zinajiua. Kirusi kinagusa zinazofuata, nazo zinajiua. Baada ya muda kuna mstari wa seli zilizokufa kuzunguka shina lote, mwembamba, wa kahawia, uliofichwa na gome. Mirija ya sukari iliyopita hapo imekatika. Mizizi haipati chakula kutoka kwenye majani, inakufa njaa, na mti wa juu ambao wenyewe haukuwa na tatizo unakauka kwa kukosa maji. Upepo wa kawaida ukipita mti unavunjika pale pale kwenye kiungo, na mvunjiko ni laini kana kwamba umekatwa kwa msumeno.

Wamarekani walikutana na jambo hili kwenye mche-shina ulioitwa Spy 227. Mwaka 1946 ilichapishwa taarifa kuhusu vikonyo fulani vilivyokuwa vikiuua, huku vikonyo vingine vya aina hiyohiyo ya tufaha vikikua juu yake bila shida. Ukiisoma leo unaona jibu limejificha ndani ya swali: kama aina ni moja na matokeo ni mawili, tofauti haikuwa kwenye aina bali kwenye kilichobebwa ndani yake. Spy 227 haikudumu kama mche-shina wa biashara. Ilipata kazi nyingine maabarani kama mti wa kupimia, hasa kwa ASPV.

Japani ilijifunza kwa gharama kubwa zaidi. Wakulima walitaka kuhamia aina mpya haraka bila kung'oa mashamba, basi wakakata matawi ya mitufaha iliyokwisha kukomaa na kubebesha vikonyo vipya juu. Miti mingi ilikuwa na mizizi ya Maruba kaido, mtufaha wa asili ya Asia uliotumika kama mche-shina. Miti ikaanza kudhoofika na kufa. Vikonyo vipya vilikuja na ACLSV, na Maruba kaido haiwezi kuishi na ACLSV. Mitsuba kaido, mche-shina mwingine wa huko, yenyewe haisumbuliwi zaidi na huyo bali na wenzake ASGV na ASPV. Virusi vitatu, mizizi miwili, na kila mzizi una adui wake. Mtu akikuambia kirusi fulani hakina madhara, muulize: juu ya mizizi ipi?

Swali hilo limerudi upya katika miongo ya karibuni kwa sababu ya miche-shina mipya. Programu ya Cornell huko Geneva, New York, imetoa miche-shina yenye sifa za kuvutia, ikiwemo inayostahimili ugonjwa wa bakteria unaounguza matawi na maua. Mmojawapo, G.16, una sharti linaloandikwa kwenye maelezo yake: ubebeshwe kikonyo kisicho na virusi tu. Ukiubebesha kikonyo chenye virusi vinyamavu, mti hudumaa au hufa. G.935 nao umeonyesha tabia ya aina hiyo. Mwenye kitalu aliyefanya kazi na M.9 maisha yake yote, akikata vikonyo kwenye shamba lake la zamani, alikuwa salama kwa sababu M.9 inavumilia. Anahamia G.16 kwa vikonyo vilevile na mikono ileile, miche inakufa safu nzima, naye analaumu mche-shina.

Kuna pia hali iliyo kinyume, na hii ndiyo inayowachanganya hata wataalamu. Kirusi kinachoitwa ToRSV, kilichopewa jina la mabaka ya duara kwenye nyanya, hakitoki juu. Kinatoka ardhini. Kinabebwa na minyoo midogo ya udongo ya jenasi Xiphinema, yenye mdomo kama sindano ndefu wanayoichoma kwenye ncha za mizizi. MM.106 hukipokea na kukivumilia. Kirusi hupanda polepole hadi kwenye kiungo, na pale juu kikikuta kikonyo kama cha aina iitwayo Delicious, ambacho ni kikali dhidi yake, seli za kikonyo ndizo zinazojiua. Mstari wa kahawia ni uleule, ila mkataaji amebadilika. Kwa kawaida dalili huonekana mti ukifikia umri wa kuzaa: majani madogo yaliyopauka, gome lililovimba na kuwa kama sponji juu ya kiungo, matunda mengi madogo, kisha mti unaegemea na kuanguka.

Historia ya kirusi hiki ina kituko kimoja ninachokipenda. Mnyoo wa Xiphinema ni mwendo wa kinyonga, hausafiri mbali kwa mwaka. Akijivua ngozi hupoteza kirusi alichokibeba, wala hakirithishi kwa mayai yake. Ungedhani ugonjwa ungejifia wenyewe. Lakini ToRSV huishi pia kwenye magugu ya majani mapana, na dandelioni hukipitisha kwenye mbegu zake, zile zenye mwavuli wa manyoya zinazopeperushwa na upepo. Gugu huota shambani kwako likiwa tayari limeambukizwa, minyoo wa hapo hunyonya mizizi yake, kisha huhamia kwenye mtufaha. Kwa hiyo kitalu kinachojali kirusi hiki hupima udongo kabla ya kupanda, na hupigana na dandelioni hata kwenye njia za nyasi kati ya safu, jambo ambalo mpita njia huliona kama ushupavu wa bure.

Wale wanaojionyesha, na wanaojifanya

Vipo virusi vinavyoonekana. Kile cha batobato, ApMV, huchora majani kwa mabaka ya rangi ya maziwa au njano kali, hasa kwenye majani yanayotoka majira ya kuchipua. Joto likipanda, majani mapya hutoka safi. Mkaguzi anayekuja katikati ya kiangazi anaweza kuupita mti mgonjwa akautia tiki. Kwenye mti mmoja kirusi hiki husambaa bila mpangilio, tawi moja nalo, jingine halina, kwa hiyo kupima jani moja ni kucheza kamari. Golden Delicious na Jonathan huonyesha vizuri. Baadhi ya aina nyingine huonyesha kidogo sana.

Ugonjwa wa mti-mpira ni wa ajabu zaidi. Matawi hulegea kama mpira, mti unainama kwa uzito wake, kwa sababu mti wa ndani umekosa ile dutu inayoukaza. Ulitambuliwa Uingereza katika miaka ya 1930 kwenye aina ya Lord Lambourne, na kwa zaidi ya nusu karne kisababishi chake kilibishaniwa. Mwaka 2018 ndipo watafiti walipouhusisha na virusi viwili vipya, kwa msaada wa mashine za kusoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye sampuli.

Halafu kuna viroidi, ambavyo ni vidogo kuliko virusi. Kirusi ni uzi wa vinasaba uliovikwa ganda la protini; kiroidi ni uzi mtupu, uliojifunga duara, usio na maagizo ya kutengeneza protini hata moja. Theodor Diener ndiye aliyevieleza mara ya kwanza mwaka 1971, kwenye viazi. Kile kinachokovua ngozi ya tufaha, ASSVd, kina herufi za vinasaba zipatazo 330 tu, wakati ACLSV ina karibu 7,500. Kwa mwenye kitalu balaa lake ni kwamba kwenye aina nyingi huonekana kwenye tunda peke yake: makovu, madoa, nyufa. Kitalu hakiuzi miche yenye matunda. Mche unaondoka safi kabisa, na ukweli hujulikana mavuno ya kwanza. Kwa viroidi, tofauti na wale watatu, kisu kina hatia, na kukisafisha kwa dawa yenye klorini kati ya mti na mti ni kazi ya lazima.

Tahadhari fupi kuhusu wanaojifanya. Dawa ya magugu iliyopeperuka huchora majani kwa namna inayofanana na batobato. Upungufu wa madini ya chuma hupausha majani machanga. Ugonjwa wa kuchipua ovyo, ule unaofanya ncha za matawi zitoe vijitawi kama fagio, husababishwa na fitoplazma, viumbe wa jamii ya bakteria wanaosambazwa na wadudu wanaofyonza utomvu, na dawa yake ya kujikinga ni tofauti. Jicho linatosha kushuku. Halitoshi kuhukumu.

Kupima kisichoonekana

Kipimo cha kwanza kilikuwa mti wenyewe. Unachukua macho ya mti unaoshukiwa, unayabebesha kwenye mti wa kupimia, unasubiri. Virginia Crab kwa ASGV, Spy 227 kwa ASPV, mtufaha wa asili ya Urusi wenye namba R12740-7A kwa ACLSV, Lord Lambourne kwa mti-mpira. Ni kipimo cha kuaminika na kina ubora mmoja ambao mashine hazina: kinaonyesha ugonjwa, si uwepo wa kirusi tu. Ubaya wake ni muda. Majibu kamili shambani huchukua misimu miwili au mitatu, na mfanyabiashara mwenye oda mkononi hana misimu mitatu.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kilianza kutumika kwa virusi vya mimea kipimo cha ELISA, kinachotumia kingamwili na rangi, na majibu yakawa ya siku chache. PCR ikafuata, inayonakili kipande cha vinasaba vya kirusi mpaka kionekane. Vyote viwili vinaweza kudanganya kwa upande mmoja: kusema hakuna wakati kipo. Wakati wa joto kiasi cha virusi kwenye majani hushuka. Majani na magome ya mtufaha yana polifenoli nyingi, kemikali za asili za mmea, zinazozuia PCR kufanya kazi. ASPV ina sura nyingi kiasi kwamba kipimo kilichotengenezwa kwa sura moja hakiitambui nyingine. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "haikupatikana" lazima isomwe pamoja na tarehe: sampuli ilichukuliwa lini, sehemu gani ya mti, matawi mangapi. Majani machanga na petali za majira ya kuchipua, au gome la ndani la vijiti vya majira ya baridi, huaminika kuliko jani gumu la kiangazi.

Hapo pia ndipo penye tofauti ya maneno ambayo wauzaji huifinyanga. "Mche usio na virusi" ni ahadi ambayo hakuna maabara inayoweza kuitoa kwa ukamilifu. "Mche uliopimwa virusi hivi na hivi" ni taarifa. Mnunuzi adai ya pili, pamoja na orodha.

Kusafisha mti

Hakuna dawa ya kunyunyizia shambani inayoua virusi ndani ya mti. Anayeiuza anauza maji. Lakini aina ya tufaha iliyoambukizwa yote inaweza kuokolewa, kwa kazi ya mikono na subira, na msingi wake ni mbio kati ya mti na kirusi.

Mche huwekwa kwenye chumba cha joto la nyuzi 37 hadi 38 kwa wiki kadhaa. Joto hilo linaukera mti bila kuuua, ila kirusi hushindwa kuzaliana kwa kasi yake. Ncha ya tawi inaendelea kurefuka, na inafika mahali imekitangulia kirusi. Fundi anakata ncha hiyo ndogo na kuibebesha kwenye mche wa mbegu ulio safi, au anaikuza kwenye chupa ya maabara. Ncha ya ukuaji yenyewe, kipande cha sehemu ya milimita chini ya darubini, mara nyingi huwa haina virusi kwa sababu mirija bado haijaifikia. Kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndivyo uwezekano wa kuwa safi unavyoongezeka na uwezekano wa kuishi unavyopungua.

ASGV ndiye msumbufu wa kazi hii. Huvumilia joto kuliko wenzake na husogea karibu zaidi na ncha, kwa hiyo miche mingi inayotoka chumbani ikiwa imepona ACLSV bado hubaki naye. Baadhi ya maabara huongeza ribavirini kwenye chakula cha chupa, dawa ya virusi inayojulikana pia kwa binadamu, au hugandisha ncha kwenye naitrojeni ya kimiminika ili seli kubwa zilizozeeka, ambamo virusi hukaa, zife na chache za katikati zibaki. Baada ya yote hayo mti hupimwa tena, na tena, kwa sababu kirusi kilichoshuka hadi kiwango kisichopimika kinaweza kurudi mti ukipumzika.

Ukishakuwa safi, mti mmoja huo una thamani ya kitalu kizima. Katika mfumo wa vyeti wa Umoja wa Ulaya huwekwa ngazi ya juu kabisa, ndani ya nyumba ya wavu, kwenye chungu kisichogusa ardhi. Kutoka kwake huzaliwa miti ya msingi, kutoka kwa hiyo miti ya kutoa vikonyo, kisha miche ya kuuza yenye cheti. Mwelekeo ni mmoja, kushuka. Miche ya kuuza hairudi kuwa mama, na sheria hiyo huonekana ya kikarani mpaka ukumbuke ile hesabu ya 640,000. Marekani nayo ina mtandao wa kitaifa wa mimea safi ulioanza mwaka 2008, na kimojawapo cha vituo vyake vya miti ya matunda kiko Prosser, jimbo la Washington.

Mfumo ukivuja, huvuja mahali palepale. Aina mpya imependwa ghafla, vikonyo vyenye cheti vimeisha, na kuna shamba la jirani lenye miti mizuri ya aina hiyo. Meneja wa kitalu anajiambia ni mwaka huu tu. Miti ya jirani ni mizuri kweli, maana iko juu ya M.9 inayovumilia, na labda yenyewe ilibebeshwa juu ya miti mizee iliyokuwapo, ikarithi kila kilichokuwa kwenye mizizi ya zamani. Mitufaha iliyopandwa karibu karibu huweza pia kuunganisha mizizi chini kwa chini. Mti mama mzuri hujulikana kwa nasaba yake na tarehe ya kipimo cha mwisho. Sura haishuhudii lolote.

Mashine mpya zimeleta tatizo lao. Zikisoma vinasaba vyote vilivyomo kwenye sampuli, huorodhesha virusi ambavyo hakuna aliyevitafuta. Katika muongo wa 2010 miti michanga mifupi ilianza kufa ghafla kwenye mashamba ya kaskazini-mashariki mwa Marekani na Kanada, majani yakinyauka ndani ya wiki chache. Watafiti wa Pennsylvania walipata humo kirusi kipya, wakakieleza mwaka 2018 na kukiita apple luteovirus 1. Kikatafutwa kwingine, kikapatikana hata kwenye miti isiyoumwa. Baridi kali, ukame na wadudu watoboaji navyo vinatajwa kwenye shauri hilo, na hukumu haijatoka.

Sasa mjifanye wenye kitalu. Mti mama wenu, uliopita vipimo vyote vya kawaida kwa miaka kumi, unarudi kutoka kwenye mashine hiyo na jina la kirusi ambacho madhara yake hayajathibitishwa. Kuung'oa ni kupoteza mti uliogharimu miaka kuusafisha. Kuendelea kuukata ni kukitawanya kirusi hicho kwenye maelfu ya miche. Vituo makini huutenga mti, huacha kukata vikonyo vyake, hubebesha macho yake kwenye miti ya kupimia na kwenye miche-shina mikali kama G.16, na wakati huohuo hupeleka ncha yake kwenye chumba cha joto. Oda za msimu huo huambiwa zisubiri.